Boksi la ubao mmoja: jinsi ya kulipinda kwa mvuke kama Wahaida

Haya wadau karibuni, leo tunatengeneza boksi la Wahaida na Watlingit, hawa ni watu wa pwani ya kaskazini magharibi kule Kanada na Alaska, wenyeji wa tangu na tangu, na kuta zote nne za boksi lao zinatoka kwenye ubao mmoja tu, huo huo unapindwa mara tatu halafu unaunganishwa kona moja basi.

Ubao ni wa mwerezi mwekundu. Wazee wao walikuwa wanaupasua kwa kabari, msumeno hakuna, kwahiyo ubao unafuata nyuzi zake na ndo maana haukatiki ukipindwa. Wewe tafuta usio na fundo hata moja na usiokaushwa kwenye tanuri, mi nimechukua urefu wa sentimita 125, upana 25, unene kama 2. Usawazishe kwa tezo. Wao walimalizia kwa ngozi ya papa, ndo msasa wao huo!

Sasa njoo karibu hapa maana kazi yote iko hapa. Pima sehemu nne, weka alama tatu, kila alama chonga mfuo unaokingama na nyuzi, upande utakaokuwa ndani, chonga taratibu mpaka ibaki milimita 3 au 4 hivi. Ukiacha nene ubao utagoma, ukizidisha utapasuka, na kila mfuo uwe sawa mwanzo mpaka mwisho, pima, pima tena, usione uvivu.

Kisha mvuke. Zamani ni mawe ya moto na mwani mbichi juu yake, unafunika, mvuke unapanda palepale kwenye mfuo. Mi natumia birika na boksi la mvuke, yaani sanduku refu la kufungia ubao ndani na mvuke, kama saa nzima. Vaa glovu, ukitoa ubao usisimame kuongea na mtu, pinda kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, moja kwa moja bila kushtua, halafu funga kamba kuzunguka lote liache lipoe hivyohivyo, mi naliacha mpaka kesho yake.

Kona ya nne toboa matundu ya kukingama, piga vijiti vya mti au shona kwa mizizi ya sprusi, mti wa kwao wa jamii ya msonobari, kama wao. Kitako nacho chonga ukingo kikae ndani kwa kubana, vijiti tena, msumari wa chuma hapana.

Michoro ile ya kunguru na nyangumi kwenye maboksi yao tafadhali msiige jamani, ile ni nembo za koo zao, ina wenyewe. Acha boksi lako bila michoro, mwerezi wenyewe unapendeza.

Mwisho jaza maji. Litavuja kidogo mwanzoni, usiogope, mbao ikinywa maji inavimba inabana yenyewe. Boksi kama hili walipikia, wanatumbukiza mawe ya moto kwa koleo la mti mpaka maji yachemke samaki aive. Langu hili limelala na maji usiku kucha, gusa hapa chini uone, pakavu.