Tuzo kwa Mwanafizikia wa Kiwandani

Walimu wangu, ndugu wanafunzi, asanteni kwa kunikaribisha.

Wakubwa mliomo humu mnaukumbuka mwaka 2009. Julai ya mwaka ule mkongo wa SEACOM uliopita baharini ulianza kazi katika pwani yetu, na intaneti ambayo tulikuwa tukiipata kwa setelaiti, kwa bei ya kuumiza, ikaanza kuja kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia amepewa Charles Kao, kwa kazi yake juu ya mwanga unaosafiri ndani ya nyuzi hizo.

Kazi ile Kao hakuifanya chuo kikuu. Alikuwa mwajiriwa wa maabara ya kampuni, Standard Telecommunication Laboratories, mjini Harlow, Uingereza. Kioo cha siku zile kilikuwa kinameza mwanga vibaya sana: ukiuingiza kwenye uzi, baada ya mita 20 hivi imebaki asilimia 1 tu. Nani apige simu kwa mita 20? Kao na mwenzake George Hockham wakakaa na hesabu, na mwaka 1966 wakachapisha jibu: kioo chenyewe hakina kosa, kinachomeza mwanga ni uchafu uliomo, hasa chembechembe za chuma. Kikisafishwa vya kutosha, ile asilimia 1 itabaki baada ya kilomita nzima, na hapo simu inawezekana. Kisha Kao akaanza kuwazungukia watengenezaji wa kioo kuwashawishi. Mwaka 1970 watafiti wa kampuni ya Corning, Marekani, walilivuka lengo lile. Katika uzi wa leo mwanga huenda kama kilomita 100 ndipo upungue kiasi hicho.

Kutoka 1966 hadi 2009 ni miaka 43. Tuzo ilipofika, Kao alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, na mhadhara wake kule Stockholm ulitolewa na mkewe, Gwen. Hilo linaniuma kila ninapolisimulia. Naye Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments aliunda chipu yake, kipande kidogo kinachobeba saketi nzima ya umeme, mwaka 1958, akapewa Nobel mwaka 2000. Robert Noyce, aliyeifikia chipu kwa njia yake, alikuwa amefariki 1990, na marehemu hateuliwi.

Kwa hiyo naunga mkono kwa moyo wote tuzo zinazomlenga mwanafizikia wa kiwandani akiwa bado kazini. Chama cha Fizikia cha Marekani kina Tuzo ya George E. Pake, inayotazama utafiti pamoja na uongozi wa maabara za viwanda. Taasisi ya Fizikia ya Uingereza ina medali yenye jina la Katharine Burr Blodgett, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya fizikia pale Cambridge, mwaka 1926. Akiwa kampuni ya General Electric, alipaka kioo tabaka 44, kila moja ikiwa na unene wa molekuli moja, hata mwanga unaorudi kutoka juu ya utando huo wa tabaka ukafutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na kioo kikaacha kung'aa. Lenzi za kamera zenu zinatumia kanuni hiyohiyo.

Chuoni tunapandishwa vyeo kwa machapisho. Kiwandani kazi nzuri hukaa ndani ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, au ndani ya mkataba wa siri, au katika mashine ambayo zamani ilikuwa ikiharibika kila wiki na sasa haiharibiki. Kamati inayosubiri orodha ya machapisho haitamwona mtu huyo kamwe.

Nasi tunao watu hawa. Wako Olkaria, wanasoma vipimo vya ardhi kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme. Wako kwenye viwanda vya saruji, wakihakikisha mizani na vipima joto havidanganyi. Tukianzisha tuzo yetu, na naomba tuianzishe, fomu yake ikubali hataza, ikubali vipimo vya kabla na baada, ikubali barua ya msimamizi wa zamu, na wanakamati wafunge safari wakaione mashine yenyewe ikifanya kazi.