Mti wa Ndani Haujui Wiki

(Mhadhara kwa wapenda bustani, Tanga mjini)

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wenzangu, karibuni.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mti wa ndani unamwagiliwa mara ngapi kwa wiki? Jibu la namba sina. Mti haujui wiki, unajua mwanga, joto na upepo. Fikasi, ule mti wa ndani wa jamii ya mkuyu, ikikaa dirishani wakati wa kaskazi, feni inazunguka kutwa, chungu kinaweza kukauka ndani ya siku chache. Ihamishie kwenye korido yenye giza mwezi wa tano, masika yamekolea, udongo uleule utakaa mbichi wiki mbili. Sasa ratiba ya kila Jumamosi itaufaa upi?

Wengi wetu tunaua kwa kuzidisha. Mizizi inapumua, jamani. Hewa yake imo kwenye vinafasi kati ya chembe za udongo. Ukimwagilia kila siku, vinafasi vinajaa maji, na oksijeni hupenya kwenye maji polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Ncha za mizizi zinakufa, vimelea vya kuozesha vinaingia, na mzizi uliooza haunyonyi kitu. Majani yanalegea ilhali udongo umelowa. Mwenye nyumba akiyaona, anafanya nini? Anaongeza maji!

Kiu nayo ina hila zake. Mti wa shina gumu haulali chini kama mchicha. Jani changa hutanuka kwa msukumo wa maji ndani ya seli, kwa hiyo maji yakipungua kidogo tu, kutanuka ndiko kunakosimama kwanza, kabla hujaona dalili ya kunyauka. Unabaki na majani madogo na pingili fupi, ukidhani mbolea ndiyo tatizo. Ukichelewa zaidi, fikasi inapukutisha majani. (Hata ukiihamisha tu hupukutisha, mti ule una deko.)

Basi chomeka kidole hadi pingili ya pili. Pakiwa pabichi, ondoka. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Maji ya chunguni yawe kama sisi tulivyozoea kusema hapa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Wale wa kikombe kimoja kila asubuhi, mnalowesha juu tu. Mizizi ya chini haipati kitu, na chumvi inajikusanya kwa sababu hakuna kinachoisukuma nje. Visima vyetu vya karibu na bahari vina chumvi ya kutosha tayari. Tazameni masale: ncha za majani zikiwa za kahawia na kavu kama karatasi, shukuni chumvi. Kingeni maji ya mvua.

Naona mama pale mbele ananong'ona kuhusu kokoto za chini ya chungu. Mama, hazisaidii. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo tope linapanda karibu zaidi na mizizi. Afadhali uchanganye makumbi ya nazi na mchanga wa chenga kubwa kwenye udongo wote, toka chini hadi juu. Kokoto ulizokwisha kununua, zimwage pale uani panapotuama maji.