Zamu ya Usiku na Kipande cha Tyubu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuvumilia foleni ya Barabara ya Nyerere mkafika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwajengea wafanyakazi uwezo wa ubunifu. Naomba nianze na tyubu ya baiskeli.

Nilikuwa msimamizi wa uzalishaji kwenye kiwanda cha maji ya chupa, hapahapa Dar es Salaam. Rola ya mashine ya kubandika lebo ilikuwa imelika. Lebo zikawa zinateleza, zinakaa upande, na akina mama wanakaa chini kuzibandua kwa kucha. Tukaagiza kipuri nje ya nchi, tukawa tunasubiri. Usiku mmoja nikapita bila kutarajiwa, nikakuta mashine inakwenda kama mpya. Nikainama kuangalia. Rola ilikuwa imevishwa kipande cha tyubu, kimekatwa sawasawa, kingo zimepigwa msasa zisikwaruze chupa. Nikauliza ni kazi ya nani. Kimya.

Siku chache baadaye kijana mmoja, kibarua wa kulipwa kwa siku, akanifuata getini. "Bosi, ni mimi. Tunaivisha usiku, alfajiri tunaivua kabla hamjaingia."

Wiki tano waliivisha na kuivua! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanikumbusha kwamba mwenzao aliwahi kugusa mashine bila ruhusa, akasimamishwa kazi. Barua ile niliisaini mimi. Mpaka leo inaniuma.

Ndiyo maana nasikitika kampuni inapopeleka watu hotelini siku mbili kufundishwa ubunifu, wakapewa fulana, kisha Jumatatu wakarudi kwa bosi yuleyule mwenye kalamu ileile. Ubunifu walikuwa nao tangu mwanzo. Walichokosa ni mahali pa kuutoa bila hofu.

Toyota walianzisha mpango wao wa kupokea mawazo ya wafanyakazi mwaka 1951. Wengi tunaujua, tukauiga kwa kutundika sanduku la maoni ukutani. Lakini tazameni kamba iliyo kwenye mstari wao wa kuunganisha magari. Mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anaivuta, na kiongozi wa timu anakuja palepale kusaidia. Wasipoimaliza kwa wakati, mstari unasimama. Kwangu mimi, uzito wote uko kwenye huko kuja. Sanduku haliji. Tena vibarua wetu hata hawajui kama linawahusu.

Kampuni ya 3M ya Marekani inawaruhusu wafanyakazi kutumia hadi asilimia 15 ya muda wao kwenye mawazo yao wenyewe. Kwa sheria yetu, saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, kwa hiyo hiyo ni karibu saa saba. Najua hakuna mkurugenzi humu atakayezitoa kesho. Mimi niliomba nusu saa, Alhamisi, zamu zinapopokezana, mashine zimezimwa, na vibarua wanalipwa kama kawaida. Mkurugenzi alikubali kwa shingo upande.

Alhamisi mbili za kwanza hakuna aliyefungua mdomo. Ya tatu, mama mmoja wa kufungasha akasema meza iko juu mno, mabega yanamuuma. Tulikata miguu ya meza jioni ileile, yeye akiwa amesimama pale anaonyesha ikatwe hapa. Wiki iliyofuata nusu saa haikutosha.

Tulikataa mawazo mengi pia. Mengine yalikuwa ghali, mengine ya hatari. Lakini kila aliyekataliwa aliambiwa sababu na mtu, ana kwa ana, kabla ya Alhamisi nyingine. Hapo sikukubali mzaha, kwa sababu wazo lisilojibiwa linamfunga mdomo aliyelitoa, na wote waliokuwa wanamtazama.

Kipuri kilipowasili, tulikaa na yule kijana tukakipima sambamba na tyubu yake. Kipuri kilikuwa bora, na ni yeye aliyesema hivyo. Akakifunga kwa mkono wake, mchana, mbele ya watu wote.

Nimesema vya kutosha. Mama pale nyuma, nimeona umenyoosha mkono tangu nilipotaja meza. Karibu, tunakusikiliza.