Useme, Mashine Iandike: Mikro, Google Docs na Word kwa Kiswahili

Jambo yenu wote! Karibuni tena hapa sekretaria, ofisi yangu ya kuandika na kuchapa, Lubumbashi. Wa Kamalondo, wa Katuba, wa Kenya (mtaa wetu, si nchi), wa Ruashi, na ninyi wanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa mnaoniletea TFC, ile kazi ya kumalizia masomo, jioni mkitaka itoke asubuhi, wote karibuni.

Leo tunaandika kwa mdomo. Wewe unasema, mashine inaandika. Nimeifanya hii video hasa kwa ajili ya wazee, wale wa pensheni ya Gécamines, kampuni ya migodi, wanaotaka kuwaachia wajukuu habari za maisha yao ila vidole vimekwisha kuikataa klavye, yaani kibodi. Na nawafahamu wengi waliojaribu wakaacha. Wanakuja hapa: "Yaya, mashine yangu ni kiziwi." Si kiziwi, papa. Mara nyingi ni fishi, kile kichwa cha waya unachochomeka.

Basi washa mashine, fungua partage ya simu, yaani intaneti ya simu yako, unganisha. Hayo mnayajua. Ila hakikisheni mega za intaneti zipo, kwa sababu njia ninayoonyesha leo inatumia intaneti muda wote: sauti yako inakwenda mpaka kwenye kompyuta za Google, inarudi ikiwa maandishi. Mega zikiisha katikati ya sentensi, na sentensi imeishia hapo.

Sasa fishi. Ngoja niisogeze kamera. Hapa. Haionekani... subiri, kiganja changu kinaleta kivuli. Haya, sasa. Mnaziona fishi hizi mbili? Zinafanana, zote za rangi ya dhahabu. Lakini hesabuni pete nyeusi. Hii ya kushoto ina pete mbili. Hii ya kulia ina tatu. Yenye pete mbili ni ya kusikiliza muziki, basi. Haina njia ya mikro, hata ukiipigia kelele. Laptop nyingi za siku hizi zina tundu moja tu la kaske, yaani la vile visikilizio vya kichwani, na tundu hilo linataka fishi ya pete tatu.

Mashine ya mezani ni habari nyingine. Ina matundu mawili: la kijani ni la kusikiliza, la pinki ni la mikro. Ukichomeka kaske ya pete tatu kwenye la kijani utasikia vizuri kabisa, utafurahi, halafu utasema peke yako mpaka usiku. Hapo unahitaji kamkia haka kenye vichwa viwili, kimoja kijani, kimoja pinki. Ndiyo, ninauza. Njooni, bei tutaelewana. Wenye kaske ya USB, ninyi hamna shida hiyo, chomekeni tu.

Sukuma fishi mpaka mwisho. Isikike "kla". Kwenye mashine nyingine kitatokea kidirisha kinakuuliza umechomeka nini. Usikifunge kwa haraka! Watu wanakifunga kama tangazo, kisha mashine inadhani ni kaske ya kawaida isiyo na mikro. Chagua "Micro-casque". Kama umekwisha kukifunga, chomoa, chomeka tena, kinarudi.

Tukague. Mashine yangu iko kwa Kifaransa: Paramètres, Système, Son, teremka mpaka kwenye Entrée. Chagua kaske yako, sema chochote. Alo, alo, bukari na samaki. Mnauona mstari unacheza? Mstari ukicheza, mashine inakusikia. Usipocheza, ingia Confidentialité, tafuta Microphone, washa vitufe vyote vya ruhusa, hata kile cha chini kinachohusu "applications de bureau", yaani programu za kawaida za kompyuta. Mara nyingi kimezimwa na mtu aliyekuwekea Windows.

Wengine wananiuliza: laptop si ina mikro yake ya ndani? Inayo. Ukiwa peke yako chumbani, mlango umefungwa, inafaa. Hapa kwangu kuna pikipiki, kuna jenereta ya jirani, kuna dada wa maandazi anayeita wateja. Mikro ya ndani inabeba wote. Mimi napenda kaske yenye kijiti, kijiti kikae pembeni ya mdomo, si mbele ya mdomo, kwa sababu pumzi ya "p" na "b" inaivuruga. Na siku timu yetu ya Mazembe wanapocheza Kamalondo, jamani, siku hiyo hata kaske haisaidii. Andika kwa vidole au nenda ukaangalie mechi.

Fungua Chrome. Kule juu kwenye anwani andika docs.new, bonyeza kitufe cha Entrée (Enter). Ukurasa mweupe huo. Kama hujaingia na akaunti yako ya Google itakuomba, ingia.

Nenda Outils, halafu Saisie vocale. Au kwa mkato: Ctrl, Maj (ndiyo Shift) na S kwa pamoja. Kushoto kinatokea kisanduku chenye picha ya mikro. Msibonyeze bado! Juu ya mikro kuna jina la lugha. Kwangu limekuja Français. Ukianza kusema Kiswahili hapo, mashine itatafuta Kifaransa ndani ya maneno yako, na itakipata, nanyi mtacheka. Bonyeza lile jina, orodha ni ndefu, teremka mpaka Kiswahili. Zipo mbili, ya Tanzania na ya Kenya. Mimi natumia ya Tanzania, ni mazoea tu.

Sasa bonyeza mikro. Chrome inaomba ruhusa: Autoriser. Ukikosea ukabonyeza Bloquer, nenda kwenye kile kialama kidogo kushoto mwa anwani, irudishe ruhusa, kisha pakia ukurasa upya.

Mikro imekuwa nyekundu. Nyekundu maana yake inasikiliza. Nyeusi maana yake imelala. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Nasema: "Mimi nilizaliwa Likasi na baba yangu alifanya kazi Gécamines kwa miaka mingi."

Tazama inavyosita kidogo, halafu maneno yanamwagika. "Mimi nilizaliwa"... Likasi imeipata, hongera... "baba yangu alifanya kazi je kamini." Je kamini! Haya. Hiyo Gécamines mashine haijasoma. Msihangaike kuitamka mara kumi, kuna dawa, tutafika.

Kwanza hili la namna ya kusema. Sisi wa Lubumbashi tukisema kama tunavyosema nyumbani, "jana minaenda ku soko Mzee", mashine inababaika. Haijalelewa hapa. Sema Kiswahili kama mtangazaji wa redio: "Jana nilienda soko la Mzee kununua unga." Polepole, lakini usikate neno moja moja kama unaongea na mgeni. Inaelewa sentensi nzima vizuri kuliko neno moja. Na tarakimu: sisi tunahesabu kwa Kifaransa bila kujua. Ukisema mwaka kwa Kifaransa katikati ya Kiswahili, itaandika ajabu. Mimi mwaka naandika kwa vidole, 1967, basi, sekunde mbili.

Nukta na mkato pia ni kwa vidole. Kwa Kifaransa unasema "virgule", unasema "point", inaweka alama. Kwa Kiswahili haiweki. Ukisema "nukta" itakuandikia nukta kwa herufi. Kwa hiyo mkono mmoja ukae kwenye klavye. Na klavye zetu za AZERTY, nukta lazima ushike Maj, usisahau, la sivyo utajaza nukta-mkato barua nzima. Unaweza kuandika kwa vidole huku mikro ikiwa nyekundu, haina ugomvi. Unaweza pia kurudi nyuma ukarekebisha neno, ila ukimaliza rudisha kishale mwisho wa maandishi, maana mashine inaandika palipo kishale. Usiporudisha, utoto wako utaingia katikati ya ndoa yako.

Sasa lile la rangi. Sikilizeni. Ukibonyeza dirisha lingine, mikro inazimika. Ukifungua WhatsApp kuona nani ameandika, mikro inazimika. Ukinyamaza muda mrefu unatafuta neno, inaweza kuzimika. Na haikuambii! Inakuwa nyeusi kimyakimya. Kuna mteja alisema hapa ukurasa mzima wa habari za harusi yake, macho yamefumbwa, anakumbuka, mpaka machozi yanamtoka. Kufumbua macho, ukurasa mweupe. Kwa hiyo kila baada ya sentensi mbili tatu, tupa jicho kwenye ile mikro. Nyekundu? Endelea. Nyeusi? Bonyeza.

Tuendelee. "Mama yangu alikuwa anauza..."

Aa. Umeme umekwenda.

Mmeona? Laptop ina betri, kwa hiyo skrini ipo, lakini wifi ya hapa ofisini imekufa. Na tazama kushoto: nyeusi. Afadhali mmejionea wenyewe. Maneno niliyokwisha kusema yapo, hayajaondoka. Ngoja nihamie kwenye partage ya simu... Samahani kwa giza, nitaweka tochi hapa kwenye kopo... Haya. Imeunganika. Bonyeza mikro tena. Nyekundu. "Mama yangu alikuwa anauza samaki." Safi.

Sasa dawa ya Gécamines, na ya majina yote magumu ya ukoo na ya vijiji. Chagua neno rahisi ambalo mashine inalijua na wewe hutalihitaji kwenye habari yako. Mimi natumia "ndizi". Sema: "Baba yangu alifanya kazi ndizi. Mwaka huo ndizi ilikuwa inaajiri vijana wengi." Msicheke, sema tu. Ukimaliza habari nzima, bonyeza Ctrl na H. Kidirisha kinakuja: kwenye tafuta andika ndizi, kwenye badilisha andika Gécamines, na herufi yake kubwa na alama yake juu ya e. Bonyeza Tout remplacer. Tazameni... ndizi zote zimekuwa Gécamines. Kama una majina matatu magumu, tumia matunda matatu. Ila kama mama yako aliuza ndizi kweli, tafadhali, chukua embe.

Kwenda Word ni rahisi. Fichier, Télécharger, Microsoft Word. Faili inashuka, unaifungua, unapanga kurasa, unachapa. Au unanakili tu na kubandika.

Sasa wale wa TFC, mnaoandika Kifaransa ndani ya Word yenyewe: kuna njia fupi. Fungua Word, hata ile ya zamani ya 2010, weka kishale ukurasani, halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na H. Kinatokea kidude cha mikro, unasema, maneno yanaingia moja kwa moja. Hiyo ni ya Windows 10 na 11, nayo pia inataka intaneti. Lugha inafuata lugha ya klavye. Ikiandika Kiingereza usichokijua, bonyeza Windows na Espace, chagua Français. Mimi ile naitumia kwa Kifaransa tu. Kwa Kiswahili narudi Google Docs. Kitufe cha Dicter ndani ya Word kipo pia, kwenye Accueil, lakini ni kwa wanaolipia Microsoft 365. Usiponiona nikikionyesha, umeshajua kwa nini.

Na wasio na mashine kabisa? Simu inatosha. Kwenye klavye ya Gboard ongeza Kiswahili, bonyeza mikro ya pale kwenye klavye, sema ndani ya Google Docs ya simu. Kisha nitumie, nitaipanga na kuichapa hapa. Mambo ya siri, namba ya siri ya benki, barua ya tribinali, hayo andikeni kwa vidole. Sauti inasafiri mbali, na jirani wa kushoto ana masikio.

Kaske za pete tatu nimebaki nazo chache, vimkia vya vichwa viwili vipo. Mzee wangu mmoja anasubiri pale kwenye kiti na daftari lake, amefika kwenye habari za kuhamia Kipushi, na ameshaniuliza atumie tunda gani.