Kuziba pancha ya kiti mwendo ukiwa peke yako

Mbukwenyi! Leo niko uani kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, na gurudumu la kulia la kiti mwendo changu halina upepo. Mhalifu ni yule yule, mbigili. Kiangazi hiki miiba yake imetapakaa kila mahali, ukikatiza kiwanjani tu umekwisha.

Zamani nilikuwa naenda kwa fundi baiskeli. Siku moja fundi akaniambia, "Kiache hapa, upitie kesho." Nikamuuliza, nipitie na nini? Tangu hapo vifaa natembea navyo kwenye mfuko chini ya kiti: vijiko viwili vigumu, msasa, solusheni, viraka na pampu ndogo ya mkono.

Kwanza shuka, na mto wa kiti ushuke nao. Kama huna hisia sehemu za chini, kama mimi, nusu saa kwenye sakafu ngumu inaweza kukuanzishia kidonda utakachokiuguza miezi. Tafuta na kivuli, maana chuma kilichopigwa na jua hukuunguza kabla hujajua.

Gurudumu langu lina kitufe katikati. Nabonyeza, navuta, limetoka. Kama lako limefungwa kwa nati, usihangaike nalo: laza kiti ubavu, gurudumu lenye pancha likiwa juu. Kwa viti vingi tyubu itatokea upande wa nje.

Toa upepo uliobaki. Chomeka mpini wa kijiko kati ya tairi na ringi, mbali na mdomo wa kujazia upepo, uinue. Cha pili kichomeke kando yake, kisha uzunguke nacho. Bisibisi usiitumie. Itakutobolea tundu jingine.

Tyubu ikishatoka, ijaze upepo kidogo na uitumbukize kwenye beseni. Mnayaona mapovu? Siku ya mgao wa maji, ipitishe karibu na midomo yako. Midomo husikia hata upepo mdogo. Weka alama kwa kalamu, halafu endelea mpaka umalize mzunguko, kwa sababu tundu likiwa moja tu hiyo ni bahati.

Kausha, sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba, eneo pana kuliko kiraka. Sasa usiwe na haraka. Wengi hubandika ikiwa bado mbichi, kesho kiraka kinabanduka wanalaumu duka. Subiri kama dakika 5, mpaka isiwe inang'aa. Bandika, ukandamize kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda pembeni.

Tyubu usiirudishe bado! Mwiba uliokuchoma huenda ungali ndani ya tairi. Mimi nilishawahi kuziba mara tatu asubuhi moja, tundu lile lile, kabla ya kupata akili. Chukua kitambaa laini, ukipitishe ndani ya tairi lote. Pale kitakaponasa ndipo ulipo. Kidole usikitumie, hasa kama vidole vyako havihisi vizuri. Huyu hapa, mdogo kama punje ya uwele. Mng'oe kwa koleo.

Rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje, na tairi uliingize kwa viganja. Kisha pampu. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kifuate.

Msilichukulie hilo kirahisi. Breki ya viti vingi ni kile kichuma kinachokandamiza tairi lenyewe. Tairi likilegea, breki haishiki, na wewe ukiwa katikati ya kuhamia kitandani kiti kinateleza nyuma. Kwa hiyo kabla sijapanda nafunga breki zote mbili, nasukuma kiti hivi, kwa nguvu. Kimegoma? Haya, mto juu, na mimi juu yake.