Kadi ya harusi na mlango wa jikoni

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Feni ya katikati imegoma, naona wengine mnajipepea na madaftari, na jua la Dodoma la saa nane mnalijua, kwahiyo slaidi nimeziacha, tuongee tu jinsi kompyuta inavyoamua nani aruhusiwe kuona au kufanya nini.

Nani hapa hajawahi kuchangia harusi? Umechanga, umeletewa kadi, imeandikwa dabo, jioni unaingia ukumbini pale Kisasa wewe na mwenzio, na mlinzi hakujui wala hana shida ya kukujua, anaangalia kadi basi. Kamati nyingine wao hawana mambo ya kadi, wanamweka mtu mlangoni na karatasi la majina, unataja jina anatiki unapita. Njia zote mbili zipo kwenye kompyuta. Mwaka 1971 mwanasayansi wa kompyuta Butler Lampson alichora jedwali, watu kwenye mistari ya kulala, vitu kama mafaili kwenye safu za kusimama, kila kiboksi kinasema huyu anaruhusiwa kufanya nini na kile. Jedwali lote kwa pamoja ni kubwa mno na viboksi vingi ni vitupu, kwahiyo unalikata. Ukikata kwa safu kila faili linabaki na karatasi lake la majina, ukikata kwa mstari kila mtu anabaki na kadi zake mkononi.

Chukua karatasi la majina kwanza: mjomba kagombana na kamati saa kumi, saa moja jina limekatwa, kwisha habari yake. Ila ukiniuliza mjomba huyohuyo anaruhusiwa kumbi ngapi Dodoma nzima, itabidi nizunguke kila geti. Kadi kinyume chake: nafungua pochi yake nahesabu, lakini akimpa shemeji, shemeji anakula pilau, na kuinyang'anya ni kazi. Tokeni, yaani ile alama ya siri ambayo simu yako inapewa ukilogini kwenye app nyingi, ni kadi ya hivyo, ndo maana inawekewa muda wa kuisha.

Sasa aibu yangu. Niliwahi kutengeneza mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopa, sikitaji. Kanuni safi kabisa, mwanachama aone mkopo wake tu, batani zingine zote nikazificha nikajiona fundi. Siku ya tatu mama mmoja ananipigia, "Mwanangu, mbona naona deni la jirani yangu?" Kule juu kwenye anwani ya ukurasa mwisho kulikuwa na namba ya mkopo wake, 1041, kidole kikateleza ikawa 1042. Hajadukua chochote! Geti nilikuwa nalo, mlinzi nilikuwa naye, ila mlango wa jikoni wanakopitishia masufuria ulikuwa wazi. Kuficha batani ni kupaka rangi mlango usio na kitasa. Saltzer na Schroeder, watafiti wa usalama wa kompyuta, walishaandika 1975 kwamba kila ombi likaguliwe, kila mara, na pasipo ruhusa jibu liwe hapana. Mwaka 2021 OWASP, taasisi ya usalama wa programu, bado wakaweka makosa ya ruhusa namba 1 kwenye orodha yao ya hatari za programu za mtandaoni.

Kurekebisha nikakuta nimetawanya vi-if, yale masharti ya "kama ni fulani, ruhusu" ndani ya kodi, kila ukurasa, vingine vinapingana. Dawa ni kumtenga mlinzi na kamati: mlinzi asiamue, aulize, na anayejibu asome kanuni zilizokaa sehemu moja. XACML ya 2003, lugha sanifu ya kuandikia kanuni za ruhusa, imejengwa hivyo. Na cheo peke yake hakitoshi, maana mhasibu anaidhinisha malipo sawa, ila yale aliyojaza yeye mwenyewe? Hapo kanuni mbili zinagongana, moja inaruhusu na nyingine inakataza, na lazima useme mapema ipi inashinda, mimi naweka katazo lishinde.

Dada wa shati la kijani kauliza, je mtandao ukikata mlinzi asimpate wa kumuuliza? Afunge. Watalalamika, walalamike. Hospitali ni kesi nyingine, mgonjwa hawezi kungoja mtandao, daktari anapewa njia ya dharura ila jina lake na saa vinaandikwa, na asubuhi lazima awepo mtu wa kumuuliza kulikoni. Haya, na wewe kaka wa mlangoni, ulinyoosha mkono.