Kuiona CD4 juu ya seli kwa kingamwili za monokloni

Karibuni maabara. Leo tunatafuta protini moja, CD4, iliyokaa kwenye utando wa nje wa baadhi ya seli nyeupe za damu. Ndiyo hiyo VVU anayoishika ili aingie ndani ya seli. Tutaitafuta kwa kingamwili za monokloni: zimetoka kwenye ukoo wa seli moja, hivyo zote hushika sehemu ileile ya protini. Njia ya kuzitengeneza waliitoa Georges Köhler na César Milstein, Cambridge, mwaka 1975.

Vaa koti na glavu. Damu iwe kwenye tyubu ya EDTA, dawa inayozuia damu isigande. Igeuze taratibu mara nane hivi, usiitikise.

Andaa tyubu nne. Ya kwanza haina kingamwili. Ya pili ina ya CD3 peke yake (protini ya seli T, aina ya seli nyeupe za damu), yenye rangi ing'aayo ya FITC. Ya tatu ina ya CD4 peke yake, yenye rangi nyingine ing'aayo, PE. Ya nne ina zote mbili. Najua mtu ukiwa na haraka unatamani kuandaa hiyo ya nne tu. Tafadhali, usifanye hivyo! Bila zile tatu huna cha kulinganisha nacho. Kipimo cha kingamwili kipo kwenye karatasi ya mtengenezaji. Usizidishe, maana zikizidi hunata hata pasipo CD4.

Sasa tazama mkono wangu. Nazamisha ncha ya pipeti hadi chini kabisa, ndipo naachia mikrolita 100 za damu. Ona lile tone lililobaki ukutani mwa tyubu: halitakutana na kingamwili, na seli zake zitasomeka kana kwamba hazina CD4. Lifute kwa kijiti cha pamba.

Changanya, funika kwa foili, acha dakika 20 kwenye joto la chumba. Ukitumia seli hai zilizokwisha kuoshwa, ziweke kwenye barafu. Zikiwa na joto humeza kingamwili pamoja na protini yenyewe.

Ongeza mililita 2 za kimiminika cha amonia kloridi, subiri dakika 10. Damu iliyokuwa nzito inageuka angavu kama juisi ya rosela, hata maandishi ya upande wa pili yanasomeka. Seli nyekundu zimepasuka. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 300 g (mara 300 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 5, mwaga maji ya juu, osha kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) yenye seramu asilimia 2, zungusha tena. Chini pamebaki kidoa cheupe. Kichanganye na mikrolita 500 za PBS.

Soma kwenye saitomita, mashine inayopima mwanga wa rangi wa seli moja moja, siku hiyohiyo, leza ya bluu, nanomita 488. Tumia tyubu zenye rangi moja moja kurekebisha mwingiliano wa rangi. Kwenye skrini, zungushia limfosaiti (kundi la seli nyeupe lenye seli T) mstari kwa ukubwa na chembechembe zake, kisha chagua zenye CD3, kwa sababu monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, nazo zina CD4 kidogo. Mpaka kati ya seli zenye CD4 na zisizo nayo uchore kwa tyubu ya pili, isiyo na kingamwili ya CD4. Ukishauchora, usiusogeze, ndipo ufungue ya nne.